Kikohozi kisichoisha na asidi ya tumbo: namna ya kukifuatilia mpaka ujue kinakotoka

Ukikohoa wiki tatu mfululizo hapa Moshi, lazima atokee mtu wa kukutajia Kibong'oto. Mimi nilitajiwa na mama ninayenunua kwake ndizi soko la Mbuyuni. “Mwalimu, hicho kikohozi si cha kufugwa. Kapime.” Sikumlaumu. Hospitali ile ya Siha imetibu kifua kikuu tangu enzi za mkoloni, na kwa watu wa Kilimanjaro jina lake na kikohozi ni chanda na pete.

Nikapima, TB haikuwepo. Nikanywa dawa ya maji, chupa nne kwa nyakati tofauti. Nikamaliza antibiotiki mara mbili. Mahali fulani nikaambiwa ni pumu, nikapewa vidonge vya aminophylline, na kikohozi kikazidi. Sababu yake nitaieleza mbele. Mwezi wa saba ndipo daktari mmoja kijana akaweka kalamu chini na kuniuliza, “Shikamoo mwalimu, samahani, usiku huwa unakula saa ngapi?”

Nilikuwa nakula saa nne kasoro, baada ya tuisheni. Saa nne na nusu niko kitandani.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, si tabibu, na humu hutakuta pa kukwepa kumwona daktari. Utakachokuta ni mpangilio. Kikohozi cha asidi hakina kipimo kimoja unachofanya asubuhi na jioni ukapata jibu. Hujulikana kwa kuondoa magonjwa mengine kwanza, kukusanya ushahidi, kisha kujaribu tiba iliyopangiwa tarehe ya kuisha. Ukiruka hatua ya kwanza ukaanzia na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, unaweza kumeza vidonge mwaka mzima huku TB inakumaliza kimyakimya.

Haya yote ni ya mtu mzima. Mtoto aliyekohoa zaidi ya wiki 4 apelekwe kwa daktari, asipimiwe kwa mwongozo wa wakubwa.

Tumbo linamkohozaje mtu?

Umio ni bomba linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwisho wake wa chini una msuli wa duara unaojikaza kama mdomo wa mfuko wa kamba. Chakula kikifika unafunguka, kikipita unafunga. Ukilegea bila sababu, asidi na vyote vilivyomo tumboni hupanda. Tumbo lina utando wa kujilinda na asidi hiyo, umio hauna utando wa namna ile, na koo lina ulinzi mdogo zaidi.

Kutoka hapo kikohozi huja kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu huielewa: vitone vidogo hupanda mpaka kooni, vingine vikachungulia njia ya hewa, ukakohoa kuvitoa. Ya pili ndiyo iliyonichekesha, maana nimeifundisha miaka na sikuwahi kuihusisha na kifua changu. Umio na njia ya hewa vinatumia neva moja, ile ya vegasi. Asidi ikichokoza sehemu ya chini ya umio, bila hata kufika kooni, taarifa inapanda kwenye neva hiyo na ubongo unajibu kana kwamba kuna kitu kimeingia kwenye mapafu. Ndiyo maana wapo watu wanaokohoa kwa sababu ya asidi na hawajawahi kusikia kiungulia hata siku moja. Usijiondoe kwenye orodha kwa sababu tu kifua hakiungui.

Na ukikohoa kwa nguvu, misuli ya tumbo inabana na kusukuma asidi nyingine juu. Kikohozi kinazaa kikohozi.

Hatua ya 1: Dalili zinazokutoa kwenye mwongozo huu

Kama unakohoa damu, unapungua uzito bila kukusudia, unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, una homa isiyokwisha au unakosa pumzi, acha kusoma, nenda hospitali. Hivyo hivyo kama unatapika damu au unapata choo cheusi kama lami. Maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea begani, mkononi au kwenye taya ni ya kukimbiziwa hospitali saa hiyohiyo. Wengi wameyaita gesi na yakawa moyo.

Dalili moja naomba niikalie kidogo: chakula kukwama. Unameza ugali unahisi umesimama kifuani, unasukumia na maji. Baada ya wiki chache unaanza kukwepa nyama, unahamia mtori na uji. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, na mkoa wa Kilimanjaro haujaachwa. Anayekwama chakula anahitaji kipimo cha kamera upesi, si mwezi wa kujaribu vidonge. Na kwa kuwa tumefika hapo: chai tunayoinywa ikiwa inatoka jikoni ikichemka, tuache ipoe. Mwaka 2016 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani.

Hatua ya 2: TB kwanza, hata kama una uhakika ni tumbo

Utaratibu wa Tanzania ni kwamba mtu mzima aliyekohoa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu. Anayeishi na VVU hasubiri wiki 2. Akikohoa tu, apimwe. Huduma za TB kwenye vituo vya serikali ni bure, kwa hiyo pesa isiwe kisingizio. Utaombwa makohozi, na siku hizi vituo vingi hutumia mashine ya GeneXpert inayotoa jibu ndani ya saa chache ikishawekewa sampuli. Toa makohozi ya kutoka kifuani, si mate. Asubuhi kabla ya kupiga mswaki wa dawa, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka ndani. Sampuli ya mate hupoteza muda wa kila mtu.

Omba pia picha ya kifua. Kikohozi kilichovuka wiki 8 kwa mtu mzima ndicho wataalamu hukiita sugu, na hakuna wa kutibiwa kikohozi sugu bila mapafu yake kuonekana. Weka picha na majibu yake kwenye bahasha moja nyumbani. Mimi nilipiga picha mbili ndani ya miezi mitatu kwa sababu ya kwanza niliipoteza kwenye daladala.

Hatua ya 3: Soma boksi la dawa zako

Hii ni rahisi kuliko zote na watu wengi huiruka. Kama unatumia dawa ya presha, angalia jina lililoandikwa kwenye boksi, si jina la kampuni. Likiishia na “pril”, kama captopril, enalapril au lisinopril, umempata mtuhumiwa mzito. Dawa hizo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu cha kuwasha koo, na kinaweza kuanza hata miezi baada ya kuzizoea. Usiache mwenyewe, presha haichezewi. Rudi kwa aliyekuandikia, atakubadilishia; mara nyingi wagonjwa huhamishiwa dawa za kundi la losartan. Kikohozi kikitokana nazo hupungua ndani ya wiki 1 hadi 4, wengine hadi miezi 3.

Zipo pia dawa zinazolegeza ule msuli wa chini ya umio. Nifedipine na amlodipine za presha zimo. Aminophylline imo, na hapo ndipo pumu yangu ya kuambiwa ilipozidi kunikohoza: nilikuwa nameza kitu kinachofungua mlango uliokuwa tayari haufungi. Diclofenac na ibuprofen, tunazonunua dukani kwa maumivu ya mgongo kama tunanunua karanga, huchubua tumbo na umio.

Sigara, yako au ya unayekaa naye, inajulikana. Moshi wa kuni haujulikani vya kutosha. Mama anayepikia jikoni kusiko na dirisha kwa miaka 20, hasa wakati wa baridi ya Julai mlango unapofungwa, ana sababu ya kukohoa kabla hatujafika tumboni.

Hatua ya 4: Pua na pumu

Pumu hupenda usiku wa manane na alfajiri, hewa ya baridi, vumbi na mbio. Kifua hubana, hupiga filimbi. Kinachoipima ni kupuliza kwenye mashine, yaani spirometri, au kile kifaa kidogo cha kupuliza asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Kumbuka ipo pumu inayokuja na kikohozi peke yake bila filimbi, kwa hiyo kipimo ni bora kuliko kukisia.

Kikohozi cha pua kina mwenendo wake: mafua yasiyoisha, kamasi linaloteremka nyuma ya koo, chafya za asubuhi. Daktari humpa mgonjwa dawa ya kupuliza puani na kungoja wiki chache.

Niseme lisilopendwa: unaweza kuwa na viwili kwa pamoja, au vitatu. Ukitibu pua kikohozi kikapungua nusu, haimaanishi pua haikuhusika.

Hatua ya 5: Daftari la siku 14

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu. Daktari anakuona dakika kumi. Wewe unakaa na kikohozi saa 24. Ukienda na maneno “nakohoa sana”, atafanya anachoweza kwa maneno hayo. Nunua daftari dogo, kila siku andika saa ya mlo wa mwisho na ulichokula, saa uliyolala, kila kikohozi kikali kilikuja saa ngapi na ulikuwa unafanya nini dakika tano kabla, mdomo ukoje asubuhi, sauti ikoje, na mwisho jipe alama ya siku kuanzia 0 hadi 10. Usianze kubadilisha chakula bado. Wiki hizi mbili ni za kumvizia mwizi, si za kumfukuza.

Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

“Jumanne. Machalari ya nyama yenye mafuta, saa 3:50 usiku. Chai ya rangi. Kitandani 4:30. Usiku kimya. Alfajiri nimeamka vizuri, nimesimama tu, kikohozi dakika tatu. Mdomo una uchachu. Kidato cha Tatu A, kipindi cha kwanza, nimeongea dakika kumi nikakohoa mpaka machozi. Nimeinama kuokota chaki, tena. Alama 7.”

Nilidhani chaki ndiyo adui. Daftari likanionyesha nakohoa vilevile kanisani nikiimba, na kwenye simu nikiongea na dada yangu. Chaki ikaachiwa huru.

Ukimaliza siku 14, tafuta haya. Kikohozi kinafuata mlo, hasa ule mzito? Kinakuja ukiongea sana, ukicheka, ukiimba? Ukiinama kufunga kamba za viatu au kulima? Ukiinuka tu kitandani asubuhi? Wengi hushangaa wanapolala usiku mzima bila kukohoa na wanadhani hilo linaondoa asidi. Haliondoi. Kwa wengi msuli ule hujikaza ukiwa usingizini, na kulegea unapoinuka au kuanza kula. Je, sauti inakwaruza asubuhi, unakwangua koo kila dakika, unahisi donge kooni lisilomezeka, unacheua maji machungu? Kila jibu la ndiyo linaongeza uzito.

Wataalamu wa Hull, Uingereza, walitengeneza dodoso la maswali 14 yanayofanana na haya, kila moja likipewa alama 0 hadi 5, jumla 70. Jumla ikizidi 13, wanaona si kawaida. Mkononi mwa daktari linasaidia. Peke yake halimtambui mtu ugonjwa, na daftari lako la saa na matukio lina mengi zaidi.

Hatua ya 6: Mbele ya daktari

Sema kwa mpangilio: nimekohoa wiki kadhaa, TB nimepima tarehe fulani na jibu ni hili, picha ya kifua hii hapa, dawa ninazotumia ni hizi (beba maboksi), sivuti au navuta. Kisha mpe daftari. Usianze na “nadhani nina vidonda vya tumbo”. Kwetu kila maumivu kati ya kitovu na shingo ni vidonda vya tumbo, na neno hilo likishatamkwa mazungumzo yote hugeukia huko. Utapimwa bakteria wa tumboni, utapewa dawa za kuwaua, na kikohozi utarudi nacho nyumbani. Kipimo cha bakteria hao hakisemi kama asidi inapanda.

Hatua ya 7: Jaribio lenye tarehe

Hapa kuna njia panda. Kama una kiungulia au unacheua, daktari anaweza kukupa dawa ya kupunguza asidi kama omeprazole pamoja na mabadiliko ya maisha. Kama huna kabisa dalili hizo, miongozo ya madaktari wa kifua wa Marekani ya mwaka 2016 inashauri wasikuanzishie dawa hiyo peke yake, kwa kuwa majaribio hayakuonyesha faida ya maana kwa watu wa namna hiyo. Anza na kitanda na sahani.

Kitanda: inua upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka matofali au magogo ya mbao chini ya miguu miwili ya kitanda. Kurundika mito hakufanyi kazi hiyo. Kunakukunja kiunoni na kulibana tumbo. Mke wangu alilalamika wiki nzima kwamba anateleza kama yuko kwenye mteremko wa Kibosho, kisha akazoea. Lalia ubavu wa kushoto. Kwa umbo la tumbo, upande huo asidi hupata shida kupanda.

Sahani: mlo wa mwisho uwe muda wa saa 3 kabla ya kulala. Hili moja lilinisaidia kuliko yote mengine. Ukilala saa nne, kula saa moja. Punguza ujazo usiku. Vilivyo na mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu: chipsi, kitimoto, supu yenye mafuta yanayoelea. Kahawa, na sisi ndio tunaoilima, kwa baadhi ya watu inachokoza. Mbege, bia na soda vivyo hivyo. Siwezi kukuambia uache vyote. Daftari litakuambia kipi ni chako. Mkanda uliobana na khanga iliyokazwa tumboni, legeza. Kilo zikipungua, kwa aliyezidi uzito, asidi nayo hupungua.

Tiba za nyumbani zina mtego. Chai ya tangawizi na limau kila mtu atakushauri, lakini limau ni asidi juu ya asidi. Maziwa hutuliza dakika chache kisha tumbo huongeza asidi kuyameng'enya. Magadi hutuliza kweli, ila yana sodiamu nyingi, na mwenye presha asiyazoee.

Dawa ikiandikwa, imeze dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Ukiimeza baada ya chakula umepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Na usihukumu mapema: kiungulia hupungua ndani ya siku, lakini kikohozi huchukua wiki 8, wakati mwingine 12. Koo lililochokozwa miezi halitulii kwa wiki. Andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza kwenye jalada la daftari. Endelea kujipa alama kila Jumapili.

Kiungulia kikiisha na kikohozi kikabaki palepale, yapo mawili: kikohozi si cha asidi, au kinachopanda hakina asidi. Dawa hupunguza ukali wa maji yale, haizuii yasipande. Kuongeza dozi mwenyewe hakutasaidia. Rudi kwa daktari.

Hatua ya 8: Kamera na vipimo vingine

Kamera ya tumbo, inayofanyika hospitali kubwa kama KCMC, huonyesha michubuko ya umio, sehemu ya tumbo iliyopenya juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), au uvimbe. Utafunga kula kwa muda wa saa 6 hadi 8. Waambie kama unatumia omeprazole, kwa sababu huficha michubuko, na wanaweza kukusimamishia wiki kadhaa kabla. Ila umio ukionekana safi usidhani umeondolewa mashtaka: zaidi ya nusu ya watu wenye kiungulia cha kweli, kamera haioni kitu.

Kipimo kinachoamua zaidi ni mrija mwembamba unaopitishwa puani hadi kwenye umio na kukaa saa 24, ukihesabu muda ambao pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi (namba ikishuka ukali unapanda), iko chini ya 4. Ikiwa zaidi ya asilimia 6 ya muda, asidi inapanda kuliko kawaida. Chini ya asilimia 4, ni kawaida. Mgonjwa hubonyeza kitufe kila akikohoa, ili ionekane kama asidi ilitangulia. Usitegemee kukikuta kila hospitali. Muulize daktari wako kinapatikana wapi, hasa kabla ya mtu yeyote kukutajia upasuaji.

Hatua ya 9: Kuacha ili kuhakikisha

Kikohozi hupona chenyewe pia. Umepona kwa sababu ya tiba au kwa sababu muda ulifika? Njia ya kujua ni kuacha dawa, kwa ruhusa ya daktari, na kuangalia. Tahadhari: baada ya kuacha, tumbo hutoa asidi kwa fujo kwa wiki kadhaa, hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Kiungulia cha siku hizo hakithibitishi chochote. Angalia kikohozi baada ya hapo.

Mimi niliacha vidonge mwanzoni mwa Novemba, nikabaki na matofali na mlo wa saa moja. Alama zikakaa 1 na 2. Kisha Desemba ikafika, watu wakapanda mlimani kwenye vihamba vya ukoo, na kwetu Krismasi mbuzi huchinjwa jioni, nyama huiva saa tano usiku, na mbege haikataliwi mbele ya wazee. Nililala kitanda cha kawaida siku zote nilizokuwa huko. Tarehe 28 Desemba nilianza kukohoa asubuhi nikiinuka. Tarehe 29 niliandika alama 6. Januari 2 nilirudi mjini kwenye kitanda changu cha mteremko, na kufikia tarehe 20 nikaandika 2.